Nyayo za Madoa

"Mjomba, polisi si wapo? Mbona baba anatoka usiku na tochi na rungu?"

Ahaa! Hilo ndilo swali. Mtoto anayeuliza hivyo hakuridhika kusikia mlango ukifungwa. Alikaa macho kitandani akawaza. Hongera yake. Sogeeni basi, wapwa zangu, kila mmoja apate nafasi mkekani. Na wewe unayemchokoza mwenzako kwa mguu, acha kwanza.

Nitawaeleza kwa nini watu wa kawaida, mkulima, mfugaji, fundi cherehani, mama ntilie, huamua kulinda kwao wenyewe. Nitawaeleza na hatari yake, maana ipo, na watu wazima hawapendi kuitaja mbele ya watoto. Lakini nikisema peke yangu mtasinzia. Kwa hiyo nimemleta ng'ombe.

"Ng'ombe, mjomba?"

Ng'ombe. Jina lake Madoa. Ni mweupe mwenye madoa meusi, na pembe yake ya kushoto imepinda kuelekea chini. Kwao ni Usukumani, mkoa wa Shinyanga, upande wa Kahama. Hadithi yake nimeitunga mimi, msije mkapanda basi kwenda kumtafuta. Ila mambo atakayoyasema yaliwapata ng'ombe wengi na watu wengi kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Paukwa!

Pakawa!

Haya Madoa, sema.

"Mimi nilizaliwa katika boma lililozungushiwa minyaa. Mnaijua minyaa? Ni miti ya vijiti vya kijani vitupu, majani huyaoni. Ukikata kijiti, yanatoka maziwa meupe. Zamani nilikuwa naionea wivu: inatoa maziwa na wala haihangaiki na malisho! Basi usiku mmoja, nikiwa bado ndama, wakaja watu watatu. Walikata minyaa upande wa nyuma. Wakaingia. Mmoja alikuwa na bunduki. Wakamtoa mama yangu, na shangazi zangu wawili, na fahali. Mimi waliniacha kwa sababu nilikuwa mdogo, ningewachelewesha."

"Na mwenye boma? Alikuwa amelala?"

"Hakulala. Nilimwona akichungulia. Lakini alinyamaza."

"Alikuwa mwoga!"

Taratibu, mpwa wangu. Usimwite mtu mwoga kabla hujaona alichokiona. Alikuwa na fimbo, mwenzake ana bunduki. Majirani nao walisikia kwato, na kila mmoja akasukuma kigogo mlangoni kwake akasema moyoni, leo si kwangu. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa mguu. Na ukifika huko, pengine gari la polisi lipo, dereva yupo, petroli hakuna.

"Na bunduki ilitoka wapi, mjomba?"

Unaona? Swali moja linazaa lingine. Ndivyo inavyotakiwa. Mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia nchi yetu upande wa Kagera. Tanzania ikapigana. Aprili 1979 Kampala ikaanguka na Amin akakimbia. Vita vikaisha. Lakini vita vikiisha, si kila bunduki inarudi ghalani. Nyingine zilibaki mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Na nchi ilitoka vitani imechoka: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, mafuta ya gari ndiyo usiseme. Mwizi akawa na silaha, askari hana usafiri. Hapo mfugaji afanye nini?

Na ng'ombe kwa Msukuma si nyama tu. Ng'ombe ndiye anayetoa maziwa ya mtoto. Ndiye anayevuta plau. Ndiye anayetolewa mahari. Mtoto akiugua au akitakiwa shule, ng'ombe anauzwa. Mtu aliyeibiwa ng'ombe wanne kwa usiku mmoja anaamka asubuhi akiwa mtu mwingine.

Endelea, Madoa.

"Asubuhi yake mwenye boma alifuata nyayo za mama. Alizifuata mpaka mpaka wa kijiji. Kule mbele wakamwambia, sisi hatukuona kitu. Akarudi. Nyayo zikaenda mbele peke yake. Mama sikumwona tena."

Pole sana, Madoa.

"Nimeshapoa. Basi, miezi ikapita. Wakaibiwa wengine, na wengine. Ndipo wanakijiji wakakutana chini ya mkwaju. Nilikuwa nakula majani karibu yao, nikawasikia. Walizungumza tangu asubuhi hadi kivuli kikahamia upande wa pili."

Na waliyoyazungumza ndiyo nataka mwelewe, kwa hiyo Madoa pumzika kidogo, nenda ukanywe maji.

Watu wale hawakuwa na bunduki. Hawakuwa na gari wala simu. Walikuwa na nini? Walikuwa na masikio mengi. Walikuwa na miguu mingi. Na walikuwa na macho yanayomjua kila ng'ombe kwa rangi yake na kila mtu kwa mwendo wake. Tatizo ni kwamba masikio yale yalisikia, kisha kila mmoja akajifungia. Basi wakaweka masharti. Kila mwanamume awe na upinde na mishale. Filimbi ziwepo. Ikilia filimbi, au mtu akipiga yowe, ambalo kwa Kisukuma huitwa mwano, kila aliyesikia atoke. Si anayetaka, si ndugu wa aliyeibiwa. Kila aliyesikia. Asiyetoka atatozwa faini.

Wakachagua kiongozi wao, wakamwita mtemi, jina la watawala wa zamani wa Usukumani na Unyamwezini. Wakachagua na katibu wa kuandika mambo. Kundi zima likaitwa Sungusungu, jina la wale wadudu weusi wanaouma, ambao ukimgusa mmoja umewagusa wote. Lilianza maeneo ya mpakani mwa Shinyanga na Tabora, karibu mwaka 1981 au 1982, na likaenea upesi kijiji kwa kijiji.

"Kwa hiyo kila kijiji kilikuwa na jeshi lake?"

Hapana, na hapa ndipo penye akili yao. Jeshi la kijiji kimoja lingefika mpakani likakwama, kama alivyokwama yule mwenye boma. Wao walifungamanisha kijiji na kijiji. Madoa, rudi. Waambie ulivyoibiwa.

"Nilikuwa nimekwisha kukua, nimezaa mara moja. Wakaja usiku, wakatukata kamba, wakatutoa sita. Hatujafika hata mtoni, nikasikia: Piii! Ya kwetu ile. Halafu mbali kidogo: Piii! Ya jirani. Halafu kulia, halafu kushoto, piii, piii, mpaka giza lote likawa linapiga filimbi. Wale wezi wakaanza kutukimbiza. Sasa nyinyi watoto, mnajua ng'ombe akikimbizwa anafanya nini?"

"Anachoka?"

"Anachoka, ndiyo. Na anakanyaga kwa nguvu. Mimi siwezi kupita mahali nikaficha kwato zangu. Kila hatua naacha sahihi yangu ardhini, tena kubwa. Nikakanyaga. Nyayo zikaenda mbele. Alfajiri watu wa kwetu wakaziona, wakazifuata mpaka mpakani. Safari hii hawakurudi. Watu wa kijiji cha pili walikuwa tayari wamesimama pale na pinde zao, wakazipokea."

Sikilizeni, amesema "wakazipokea". Nyayo zikiingia kijijini kwenu, si za jirani tena, ni zenu. Ninyi ndio mtakaoonyesha zimetokea wapi. Mkiweza kuonyesha zilikotokea, kijiji cha tatu kinazipokea. Msipoweza, mtaulizwa: ng'ombe wameingia kwenu, hawakutoka, wako wapi? Kanuni hiyo moja ilifanya kazi ambayo gari lisilo na petroli halikuweza kuifanya. Mwizi alikuwa anakimbia kwa miguu yake miwili tu. Waliomfuata walikuwa wanabadilishana, waliochoka wanarudi, wapya wanaendelea.

"Nyayo zikaenda mbele," anasema Madoa, "na watu wakaenda mbele nazo. Kijiji cha pili, cha tatu, cha nne. Jua lilipokuwa juu ya kichwa wakatukuta kwenye kichaka karibu na mbuga. Wezi wawili walikimbia. Mmoja walimkamata. Na mnajua alikuwa nani? Alikuwa mtu wa kijijini kwetu. Alikuwa anapita bomani kila asubuhi. Alikuwa ananipapasa pembe!"

"Ha! Kwa hiyo ndiye aliyejua njia ya nyuma!"

Umeona mwenyewe, sikukuambia. Mwizi wa mbali mara nyingi huongozwa na mtu wa karibu. Ndiyo maana kulinda mtaa si kuwatazama wageni peke yao kwa jicho baya. Mgeni anaweza kuwa muuza mkaa tu.

"Wakampiga yule mtu, mjomba?"

Nilijua mtaniuliza. Madoa, sema kweli.

"Wengine walitaka. Mmoja alishainua rungu."

Nami niseme kweli pia. Katika hadithi yangu mtemi alimshika mkono yule mwenye rungu. Katika mambo yaliyotokea kweli, mara nyingi hakuna aliyeshika mkono. Watuhumiwa wengi walipigwa. Wengine walitozwa ng'ombe. Na ilikuwapo adhabu nyingine isiyo na fimbo, ambayo watu waliiogopa sana: kutengwa. Aliyetengwa hasalimiwi. Akija kuomba moto, hapewi. Hakuna anayemsaidia shambani wala kumtembelea anapougua. Fikirieni kuishi katikati ya watu mia tatu na hakuna anayekuitika. Wengi walikuja wenyewe kuomba radhi na kulipa.

"Na watoto wake nao? Hawakusalimiwa?"

Mpwa wangu, swali hilo lingewafaa wazee waliokaa chini ya ule mkwaju. Mzigo wa kutengwa uliiangukia nyumba nzima, na watoto hawakuiba. Mimi hapo sikubaliani na wazee wale, ingawa nawaheshimu kwa mengine.

Sasa turudi kwenye ile minyaa ambayo Madoa alikuwa anaionea wivu. Wasukuma wanaizungushia maboma yao kwa sababu ni uzio mzuri: inashika upesi, inasongamana, na mifugo haipendi kuila. Kila kaya ina uzio wake. Lakini yale maziwa meupe, Madoa, ulishawahi kuyajaribu?

"Usiniulize. Ulimi uliwaka siku mbili."

Yakiingia machoni ni hatari zaidi, yanaweza kumpofusha mtu. Na hayachagui. Hayasemi, huyu ni mwenye boma nimwache, yule ni mwizi nimchome. Anayekata ovyo yanamrukia. Ulinzi wa wananchi uko hivyo hivyo. Unazuia, unasaidia, lakini ndani yake mna utomvu unaochoma, na usipouangalia utamchoma mtu wa ndani.

Nitawapa mfano wa huo utomvu, na ni mfano wa kweli na wa kusikitisha. Katika maeneo yale yale, vikongwe walituhumiwa kuwa wachawi. Kosa lao nini? Wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu. Na macho yalikuwa mekundu kwa sababu ya miaka mingi ya kupikia katika moshi wa kuni na samadi. Kuna waliofukuzwa, na kuna waliouawa. Na baadhi ya makundi ya sungusungu, badala ya kuwalinda bibi hao, yalijiunga na waliowanyooshea kidole. Ng'ombe ana nyayo, unazifuata, unamkuta au humkuti. Uchawi hauna nyayo. Wao waliwasha mienge wakaenda kufuata kitu kisichokanyaga ardhi, wakaishia kwenye mlango wa bibi wa watu.

Basi kumbukeni neno hili: nyayo. Mlinzi mzuri anafuata nyayo. Mlinzi mbaya anafuata hasira.

"Lakini mjomba, kama wamemkuta mtu na ng'ombe mkononi, si ndiye mwizi? Mahakama ya nini tena?"

Safi sana! Hilo ndilo swali ambalo hata watu wazima wenye ndevu hulijibu vibaya. Madoa, waeleze habari ya dada yako.

"Dada yangu aliibiwa siku ile ile, akapelekwa njia nyingine. Siku ya tano wakamkuta kijiji cha mbali, amefungwa kamba, na mwanamume mmoja amemshika. Watu wakapiga kelele: Mwizi huyo! Wakamzunguka. Mawe yakaokotwa. Yule mwanamume akatetemeka, akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi."

Karatasi ya nini?

"Stakabadhi. Alimnunua dada mnadani, juzi yake, kwa pesa yake halali. Hata hakujua ni wa wizi. Na aliyemuuzia alimkumbuka vizuri: mtu mrefu, ana kovu kwenye nyusi, ana baiskeli nyekundu."

Mmeona? Lile jiwe la kwanza lingetupwa, watu wangemuua mtu asiye na kosa. Na tuseme hata huruma hamna, tuweke huruma pembeni kidogo. Nani sasa angewaambia habari za baiskeli nyekundu? Maiti haisemi aliuziwa na nani. Nyayo zingekatika pale pale, na mwizi mwenyewe angekuwa amekaa kivulini anakunywa togwa, anasikia kwamba "mwizi" ameuawa na kesi imekwisha. Anayempiga mtuhumiwa mpaka afe anamsaidia mwizi. Mtu mmoja akiniambia wananchi wenye hasira kali wametenda haki, mimi humuuliza: mnunuzi wa mali alikamatwa? Mwenye kukodisha silaha je? Kwa kawaida ananitazama tu.

Ndiyo maana kuna mahakama. Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika kwamba ana hatia. Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu mwananchi wa kawaida kumkamata mtu anayetenda baadhi ya makosa mbele ya macho yake. Kumkamata, halafu kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kati ya kukamata na kukabidhi hamna kupiga. Someni sheria yote, hamtalikuta.

"Na serikali iliwaambiaje Sungusungu? Iliwakataza?"

Mwanzoni viongozi hawakuwa na kauli moja. Wengine walisema, hawa wanachukua kazi ya polisi na mahakama, watashitakiwa. Na kweli baadhi ya sungusungu walifikishwa mahakamani kwa kupiga na kuua. Wengine walisema, hawa ndio wamerudisha usingizi vijijini. Mwalimu Nyerere na chama tawala walikuwa upande wa kuwaunga mkono. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa, sungusungu wakatambuliwa na kupewa uwezo wa kukamata. Wakurya wa Tarime nao wakauchukua utaratibu huo kwa ajili ya wizi wa ng'ombe wao, na ng'ambo ya mpaka, Kenya, jina hilo hilo likasikika Kuria na Kisii.

Kisha sungusungu wakafika mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Augustine Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mtu wa kutoa amri kwa siku saba, na alihimiza mitaa ya Dar es Salaam iwe na sungusungu wake. Mjini tayari kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, mpango wa chama cha TANU wa miaka ya 1960: kila nyumba kumi zina mtu wao anayejua nani amehamia na nani amefiwa. Kenya nao, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, la Septemba 2013, walianzisha utaratibu wakauita kwa jina hilo hilo, Nyumba Kumi. Kwetu kuanzia mwaka 2006, Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali, polisi wakasisitiza polisi jamii. Siku hizi mtaani mnasikia "ulinzi shirikishi". Vijana wanaandikishwa, serikali ya mtaa inawajua, polisi wanawajua, kila nyumba inatoa mchango kidogo kwa mwezi. Baba yako anapotoka na tochi, huko ndiko anakokwenda.

"Lakini mjini hakuna nyayo, mjomba. Kuna lami!"

Hahaha! Umenikamata. Madoa naye anacheka. Lami haishiki kwato, ni kweli. Ila nyayo za mjini zipo, umbo lake tu ndilo tofauti. Namba ya pikipiki ni nyayo. Rangi ya shati ni nyayo. Saa uliyoyaona mambo ni nyayo. Hata simu ya mama ina nyayo: ukibonyeza *#06# inaonyesha tarakimu 15, ambazo ni za simu hiyo peke yake duniani. Leo jioni mwombeni mama simu, muinakili namba hiyo daftarini, daftari likae ndani. Siku simu ikiibwa, polisi watauliza namba hiyo, na nyumba nyingi hakuna anayeijua. Ninyi mtakuwa mnaijua.

Kuna na kitu kingine cha mjini, ambacho ni kibaya: filimbi inayolia bila mtu kuona kitu. Januari 2015, Dar es Salaam, kulikuwa na vijana walioitwa Panya Road. Walikuwepo kweli, walipora watu kweli. Lakini ile habari yao ilikimbia kuliko wao. Simu zikalia: wako kwenu! Wanakuja kwetu! Maduka yakafungwa, watu wakakimbia huku na huku, wengine wakikimbia kutoka mahali pasipo na kitu. Siku hizi kuna makundi ya WhatsApp ya mtaa, na picha ya mtu inarushwa imeandikwa MWIZI HUYU. Nani alimwona akiiba? Hakuna anayejua. Mmoja alimrushia mwingine, naye akamrushia mwingine. Hizo si nyayo. Mkiiona picha ya namna hiyo msiirushe mbele, hata kama shangazi ndiye aliyewatumia.

"Sasa sisi watoto tufanye nini? Tupige filimbi?"

Ninyi kazi yenu si kukimbiza mtu. Mtoto hakimbizi mwizi, wala hatupi jiwe, wala hasimami kutazama anayetupiwa mawe. Akisikia kelele anaingia ndani. Lakini mtoto ana macho makali kuliko sisi, na mara nyingi yuko nje wakati sisi tuko kazini. Kwa hiyo tazameni, kumbukeni, mwambieni mtu mzima mnayemwamini. Jueni nyumba ya mjumbe wenu wa mtaa iko wapi. Jueni namba ya dharura ya polisi, 112. Na mkiulizwa mliona nini, semeni mlichokiona, msiongeze chumvi. Mkikiona kilemba, semeni kilemba. Msiseme "nilimwona shehe fulani."

"Mjomba."

Naam.

"Na kama mtu mbaya si wa barabarani? Kama ni mtu wa ndani ya nyumba?"

Umekaa kimya muda wote, kumbe ulikuwa umeshika swali zito kuliko yote. Umefanya vizuri sana kuliuliza. Madoa alitoa jibu nusu alipotuambia juu ya yule aliyempapasa pembe. Anayetuumiza anaweza kuwa mtu tunayemjua, anayekuja na zawadi, anayeitwa mjomba kama mimi. Mtu kama huyo akikugusa unavyochukia, akikupiga, akikuambia "iwe siri yetu", hiyo si siri ya kutunza. Ukimwambia mtu mzima mmoja asikusikilize, mwambie wa pili. Mwambie mwalimu. Mwambie bibi. Wa pili akipuuza, nenda kwa wa tatu. Na ipo namba ya watoto, Tanzania na Kenya ni ile ile: 116. Haihitaji vocha, wala huhitaji kuomba ruhusa ya mtu kuipiga. Anayepokea atakuuliza uko wapi na umepatwa na nini, nawe utamweleza taratibu, ukilia atakusubiri, kisha utaendelea. Irudieni pamoja nisikie: moja, moja, sita.